Fremu Kumi na Moja kwa Sekunde

Kazi yangu ni kupima kadi za picha. Watu wakisikia hivyo hudhani napiga picha za pasipoti, kwa hiyo nimezoea kueleza. Ndani ya kompyuta ya mtu anayechora majengo, anayehariri filamu au anayecheza gemu, kuna kadi ambayo kazi yake ni kuchora kila unachokiona kwenye skrini. Ikichora haraka, mambo yanateleza. Ikichora polepole, picha inakwamakwama kama mtu mwenye kigugumizi. Mimi huhesabu fremu, yaani picha ngapi kamili kadi inachora kwa sekunde moja, na pale karakana wenzangu wananiita Mama Fremu ingawa sina mtoto.

Mwaka jana karakana yetu ilitimiza miaka ishirini. Bosi akataka jedwali kubwa la ukutani: kadi moja ya kila kizazi, kuanzia zile za mwanzo hadi iliyoingia mwezi uleule, zote zipimwe kwa kazi ileile. "Wateja waone tulikotoka," alisema. Nilikusanya kadi kumi na tatu kutoka makabatini na kwa mafundi marafiki. Ya zamani kabisa ndiyo iliyonishinda. Kila niliyemuuliza alinijibu kwamba alikuwa nayo, akaitupa.

Nilimjua mtu mmoja tu asiyetupa kitu. Nikampigia simu baba.

"Ile kadi yako ya zamani bado ipo?"

"Iwe wapi tena? Ipo ndani ya kompyuta."

"Naiomba kwa siku mbili tu, baba. Nitairudisha mwenyewe."

Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe.

"Kadi haitoki," alisema. "Ukitaka kuipima, njoo uipimie hapahapa. Na uje na hiyo mpya yenu. Nami nataka kuiona."

Jumamosi asubuhi niliibeba kompyuta ya karakana, ile yenye kadi mpya, nikaiweka kiti cha nyuma cha gari na kuifunga mkanda kama mgonjwa. Shangazi ndiye aliyenifungulia mlango. Ni dada mkubwa wa baba, fundi cherehani mstaafu, na amekuwa akiishi naye tangu mama afariki, mwaka wa sita sasa.

"Umetuletea jeneza?" aliuliza akilitazama lile boksi.

"Ni kompyuta, shangazi."

"Nyingine? Hii iliyopo kazi yake ni kubeba chombo cha maua."

Baba alikuwa ameshakiondoa chombo cha maua. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya meza, amevaa shati la kazini lenye mfuko wa kifuani, na rula ndogo ya chuma ikichungulia mfukoni. Miaka thelathini na minne alichora ramani za majengo kwenye ofisi moja, na hata leo majirani wanamwita Mzee Rula. Nilimwamkia, akaitikia, halafu bila kupoteza muda akanionyesha kompyuta yake kwa kidevu.

"Haijawashwa tangu mama yako alipoondoka," alisema. "Taratibu."

Nilifungua ubavu wake. Vumbi lilikuwa limeshonana kama blanketi. Kadi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko nilivyoikumbuka, ubao wa kijani usiozidi kiganja cha mkono, na feni moja kama ya mwanasesere. Kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti sitini na nne. Ile mpya niliyokuja nayo ilikuwa na feni tatu, urefu wa mkono wangu hadi kiwiko, na kumbukumbu karibu mara mia mbili ya hiyo. Niliposogeza kifeni cha zamani kwa kidole, hakikuzunguka. Kilikuwa kimeganda.

"Ndiyo mwisho wake," nilisema.

"Mwisho gani?" Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliondoka, akarudi na kichupa cha mafuta ya cherehani, chenye mdomo mrefu mwembamba. "Tone moja. Ukitia mawili, utaijaza uchafu."

Nilitia tone moja. Nikasubiri, nikakizungusha tena kwa ncha ya bisibisi. Kilisita, kikalia kama mlango wa zamani, kisha kikazunguka. Baba akakiinamia kukitazama.

Kabla sijaendelea, lazima niseme kilichokuwa ndani ya kompyuta ile.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, nyumba tulimozaliwa mimi na kaka yangu ilitiwa alama ya msalaba wa rangi nyekundu ukutani. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na mstari wake ulipita sebuleni kwetu. Tulipewa miezi tisa. Wengine mtaani walikwenda kulalamika, wengine waling'oa mabati yao mapema. Baba alikwenda ofisini, akaazima kamera ya kidijitali na futi ndefu, akarudi nyumbani kuanza kupima. Alipima kila chumba, kila dirisha, kina cha kila rafu. Alitaka kuijenga nyumba yote ndani ya kompyuta, si ramani tu inayotazamwa kutoka juu, bali nyumba unayoweza kuingia na kutembea ndani yake. Alitumia programu aliyopewa na mwenzake wa ofisini, kitu cha kawaida sana: unabonyeza mshale, unasogea mbele, unabonyeza mwingine, unageuka.

Kila jioni akitoka kazini alikaa mezani, nami nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, pembeni yake. Nilikuwa mshika futi, na baadaye mshauri. Maana kadi ilikuwa na kikomo chake. Kila kitu ulichokiweka kwenye nyumba kilitengenezwa kwa pembetatu ndogondogo, na kadi ikishiba pembetatu, picha ilisimama. Basi tulikaa kama kamati. Kabati la vyombo libaki? Libaki. Vyombo vilivyomo ndani? Vitoke. Mti wa uani ubaki, lakini majani yake yawe bapa kama karatasi. Baiskeli yangu niliitetea kwa machozi, ikabaki, ila matairi yakawa na pembe nane. Ilikuwa hivyohivyo na picha za kuta. Siku za mwisho kabla ya kuhama, baba alipiga kila ukuta kwa kamera, halafu akazipunguza zile picha mpaka zikawa ndogo kama stempu, ndipo kadi ikakubali kuzibandika.

Mama hakuipenda kazi ile. "Nyumba si hii hapa?" alimwambia siku moja, akiwa na mwiko mkononi. "Njoo ukae ndani yake ingali imesimama." Baba alimjibu kitu, sikumbuki nini, macho yakiwa kwenye skrini.

Kaka alikuwa shule ya bweni. Aliondoka kwenda shule nyumba ikiwa imesimama, aliporudi likizo akakuta lami. Baba alimwonyesha kwa fahari kazi yake, na kaka, kijana wa miaka kumi na sita mwenye hasira zake, alitazama kwa dakika moja akasema, "Hii si nyumba, ni katuni." Hakukaa tena mbele ya ile kompyuta. Sasa ni mhandisi wa maji, anaishi mbali, ana familia yake.

Basi, Jumamosi ile kompyuta iliwaka. Ilichukua muda mrefu kiasi kwamba Shangazi alikwenda kutia chai na kurudi. Baba alibonyeza alama ya nyumba kwa kipanya chenye waya, na mimi nikaanzisha saa yangu ya kupimia.

Nilikuwa nimesahau jinsi ilivyokuwa inafunguka. Kwanza inakuja sakafu, ya kijivu, tupu. Halafu kuta, nyeupe kama mifupa. Halafu picha zinaanza kubandikwa, moja moja, kuanzia sebuleni. Zamani ulikuwa mchezo wetu, kutaja kitakachofuata kabla hakijatokea. Nilishangaa kusikia sauti yangu mwenyewe.

"Dirisha la mbele."

Dirisha la mbele likatokea.

"Kabati," akasema baba.

Kabati likaja.

"Saa ya ukutani."

"Bado. Kwanza pazia." Na kweli, likaja pazia.

Shangazi alituangalia kwa zamu, akavuta kiti. Dakika nne na sekunde ishirini, niliandika. Baba akaweka kidole kwenye mshale, tukaanza kutembea. Sebuleni nilihesabu fremu kumi na moja kwa sekunde. Kwenye korido, tisa. Jikoni zilishuka hadi sita, kwa sababu jikoni kulikuwa na vitu vingi, na hatua zikawa nzito, kama mtu anayetembea ndani ya maji. Kwa kipimo cha kazi yangu, hizo ni namba za kusikitisha. Mteja akiniletea kompyuta ya namna hiyo, namwambia kwa upole aizike. Lakini baba alikuwa ameegemea kiti, mabega yameshuka, anasogea mbele kwa mwendo wake, na pale picha ilipokwama kwenye mlango wa chumba cha kulala, nilimwona akisubiri bila kukunja uso hata kidogo.

"Haya," alisema tulipofika uani. "Sasa lete huyo mkubwa wenu."

Nilinakili faili zote kwenye diski, nikazihamishia kwenye kompyuta ya karakana, nikaunganisha skrini. Nilihangaika karibu nusu saa kuifanya programu ile ya zamani ikubali kufunguka kwenye mashine ya leo. Ilipokubali, kwa kweli sikuiona ikifunguka. Kufumba na kufumbua, nyumba yote ilikuwa pale, sebule, pazia, saa na kila kitu. Baba alikuwa amefungua mdomo kusema "dirisha", akaufunga.

"Mbona upesi hivyo?" aliuliza Shangazi.

"Ndiyo kadi mpya hiyo, shangazi. Baba, tembea."

Baba akaweka kidole kwenye mshale, akaugusa tu.

Nyumba ikatoweka. Skrini nzima ilikuwa rangi ya majivu. Hakuna ukuta, hakuna sakafu, hakuna chochote. Nilidhani programu imekufa. Nikageuka palepale tuliposimama, nikageuka tena, ndipo nikaiona nyumba yetu, mbali sana, ndogo kama kiberiti kilichodondoshwa barabarani. Tulikuwa tumepenya sebule, korido na ukuta wa nyuma, tukatupwa nje.

Nikatazama namba pembeni. Fremu elfu moja na mia nne kwa sekunde.

Shangazi alianza kucheka, akajizuia. Baba alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Tumefukuzwa tena," alisema.

Hakusema kwa hasira. Lakini alisimama, akaenda dirishani, akaanza kukagua komeo ambalo halikuwa na tatizo lolote. Nilijisikia vibaya. Nilikuwa nimekuja na boksi langu na feni zangu tatu kama mtu anayeleta zawadi, na kumbe nimemfungulia kidonda.

Nilikaa nikafikiri. Kadi haikuwa na kosa, wala programu. Nikafungua faili la mipangilio, nikasoma mstari kwa mstari, mpaka nikaukuta.

"Baba, nani aliandika hapa 'hatua, sentimita kumi'?"

Akageuka. "Mimi."

"Programu inasogea hatua moja kwa kila fremu inayochorwa. Zamani ulikuwa unapata fremu kumi na moja kwa sekunde..."

"Sentimita mia moja na kumi," alimalizia yeye, maana hesabu haijawahi kumtoka kichwani. "Mita moja na kidogo. Ndiyo kasi ya mama yako. Nilimpima kwa saa, akitoka jikoni kwenda barazani na sinia mkononi. Hakujua kama nampima." Alirudi mezani, akasimama nyuma yangu. "Na sasa?"

"Sasa ni elfu moja na mia nne."

Midomo yake ilicheza. "Mita mia na arobaini kila sekunde. Na nyumba ilikuwa na urefu wa mita kumi na nne." Akatikisa kichwa. "Hata mwizi hakimbii hivyo."

Hapo alicheka, na mimi nikapata nafuu. Tukalirekebisha pamoja. Niliibana kadi isichore zaidi ya fremu sitini kwa sekunde, halafu nikamuuliza hatua iwe ngapi. Akachomoa kalamu, akaandika kwenye kiganja ingawa hakuhitaji, akasema, "Weka moja nukta nane. Itakaribia palepale." Nikaweka.

Safari hii tulipita mlango wa mbele kama watu. Picha haikukwama hata mara moja. Ilikuwa laini, ikigeuka pale unapogeuka, na mwendo ulikuwa uleule niliokulia nao, mwendo wa mtu mwenye sinia. Tulipofika koridoni baba alisimama. "Sikujua korido ilikuwa fupi hivi," alisema. Ile kadi ya zamani ilimfanya aipite kwa tabu kwa miaka yote ile, akadhani ni ndefu.

Lakini kwa ukaribu ule, na kwenye skrini kubwa, ubaya wa picha zile za stempu ulionekana wazi. Kuta zilikuwa mabaka ya rangi tu. Nikaingia kwenye folda kutazama kama kuna la kufanya, nikakuta folda nyingine ndani yake imeandikwa KUBWA.

"Hizi ni nini?"

"Picha zenyewe, kabla sijazipunguza. Ile kadi ilizikataa zote. Nilizihifadhi, nikasema labda siku moja." Aliinua mabega. "Halafu nikasahau."

Picha mia moja na themanini na sita. Baba mwenyewe hakuwa amezitazama kwa ukubwa wake zaidi ya siku alizozipiga, tena kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Niliiambia programu izitumie hizo badala ya zile ndogo. Kadi mpya ilizimeza zote bila hata kuongeza kasi ya feni.

Tulipoingia tena sebuleni, Shangazi alisema, "Alaa!" kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa.

Ilikuwa nyumba yetu. Rangi ya ukutani ilikuwa na nyufa zake, ule mrefu uliotoka kwenye kona ya dirisha kama mto kwenye ramani. Palikuwa na alama ya mafuta mahali kaka alipokuwa anaegemeza kichwa akisoma. Swichi ya taa ilikuwa na weusi wa vidole vyetu. Baba alisogea karibu na skrini mpaka pua ikakaribia kugusa, akavaa miwani, akaivua, akaivaa.

Tulitembea tu. Chumbani, koridoni, jikoni. Jikoni ndipo Shangazi aliponishika bega.

"Simama hapo. Rudi nyuma. Pale kwenye fremu ya mlango, pameandikwa nini?"

Kwenye kadi ya zamani pale palikuwa na ukungu wa kahawia, basi. Nilisogeza karibu. Ilikuwa penseli, juu ya mbao isiyopakwa rangi, upande wa ndani ambao anauona tu mtu aliyesimama jikoni. Juu kabisa palikuwa na tarehe za mtungi wa gesi, nne au tano. Mwandiko wa mama, ule ulioinama kushoto. Chini ya tarehe palikuwa na maneno matatu, yamepigiwa mstari:

*Anakuja sasa hivi.*

Na chini ya hapo vistari. Vinne vimesimama na kimoja kimevikata, vinne na kimoja, safu kwa safu, mpaka karibu na bawaba ya chini.

"Ni nini hivyo?" aliuliza baba. Aliuliza, lakini uso wake ulikuwa umeshajibu.

Shangazi alihesabu kwa kidole, midomo ikisogea. "Themanini na saba," alisema. "Ndugu yangu, mara themanini na saba mkeo alikuita chakula kiko mezani, nawe ukamwambia unakuja sasa hivi."

Nilikumbuka sauti ile ikitoka jikoni, na jibu likitoka mezani, pembeni ya sikio langu, kila jioni. Nakuja sasa hivi. Mimi nilikuwa pale, juu ya ndoo yangu, na sikuwahi kufikiria upande wa pili wa mlango. Mama alikuwa na penseli.

Baba alikaa chini taratibu. Alivua miwani akaishika mapajani. Sikujua kama nimzimie kompyuta au nimwache. Shangazi, ambaye hana subira na machozi ya mtu yeyote, alikuwa bado anasoma.

"Subiri. Kuna kingine hapa chini. 'Leo kaja mara moja.' Na tarehe, mwezi wa nane."

Baba aliinua kichwa. "Nilikuja?"

"Ameandika mwenyewe. Kaja mara moja."

"Unaona?" aliniambia mimi, macho yana maji lakini sauti imepata nguvu. "Nilikuja. Yaani niliacha kila kitu nikaenda kula na mke wangu."

"Mwezi wa nane," Shangazi alisema polepole, akishika tama. "Si ndiyo wiki ile nilipokuja kuwasaidia kufunga mizigo? Nakumbuka vizuri sana. Tulikula kwa mshumaa." Akamtazama ndugu yake. "Umeme ulikatika."

Kisha baba akaangua kicheko, kile cha tumboni ambacho nilikuwa sijakisikia tangu msiba, akacheka mpaka akakohoa, Shangazi akampiga mgongoni huku naye amevunjika mbavu, na mimi nikajikuta nalia na kucheka kwa pamoja, nikifuta uso kwa kitambaa cha kufutia vumbi la kompyuta. Kwa hiyo nilikaa mchana kutwa na alama nyeusi shavuni, na hakuna aliyeniambia.

Shangazi akatangaza chakula saa saba. Baba alisimama kabla hajamaliza sentensi.

Jumatatu nilimpelekea bosi namba zake. Kumi na moja kwa elfu moja na mia nne. Alipiga mluzi, akasema hilo litakuwa la kwanza kwenye jedwali, kwa herufi kubwa. Akaniuliza nilipimia kazi gani, nikamwambia nyumba ya mtu. Akaandika "nyumba". Sikuona sababu ya kumweleza zaidi.

Kadi ile mpya ilibidi irudi karakana, ilikuwa ya kazi. Lakini nilikuwa na yangu ya nyumbani, ya miaka mitano nyuma, si ya kujivunia sokoni ila kwa nyumba ile inatosha na kubaki. Nikaiweka kwenye mashine niliyomtengenezea baba, na Jumapili nikaenda kumfungia. Ile kompyuta ya zamani hakukubali iondoke mezani. Ziko mbili sasa, ubavu kwa ubavu, na Shangazi analalamika hana pa kuweka chombo chake cha maua. Wakati mwingine nikifika namkuta baba ameiwasha ya zamani, anakunywa chai, anasubiri kuta zibandikwe. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Akaniambia hajitesi, ile mpya ni ya kutazama na ile ya zamani ni ya kukaa. Nimepima kadi miaka mingi na sijui ningeandika safu ya namna hiyo wapi kwenye jedwali.

Mwezi wa kumi na mbili kaka alikuja likizo na mkewe. Sikumwambia chochote kwenye simu, wala baba, nadhani kwa kuogopa lile neno lake la katuni. Ni Shangazi aliyemburuta. Mchana, sote tukiwa barazani, alimshika mkono kama mtoto akamkalisha mbele ya skrini. "Bonyeza mshale," alimwambia, akatoka akaurudisha mlango.

Nilimchungulia mara moja tu. Nilitegemea kumkuta sebuleni, au kwenye chumba chetu. Hakuwepo huko. Alikuwa amepita nyumba nzima akatoka mlango wa nyuma, akasimama kwenye ile ngazi moja ya saruji ya uani, alipozoea kukaa peke yake. Kwenye picha kubwa unaona saruji ilivyolika katikati. Alikuwa amegeuka anatazama ukuta wa jirani, ambao hauna kitu chochote, na mtu ambaye hakuishi pale asingeujali.

Mkewe aliuliza anafanya nini kule ndani. Baba akasema mwacheni, atakuja. Tukaanza kula bila yeye.